Wageni Katika Vita vya Angola

Mwezi wa Juni, mwaka 1975, viongozi watatu kutoka Angola walikutana katika mji wetu wa Nakuru. Mmoja alikuwa Agostinho Neto, daktari na mshairi. Wa pili alikuwa Holden Roberto, aliyelelewa katika nchi jirani ya Kongo. Wa tatu alikuwa Jonas Savimbi, mtu wa ndevu nyingi na maneno matamu. Kila mmoja wao aliongoza chama kilichopigania uhuru wa Angola kutoka mikononi mwa Wareno, na kila mmoja alikuwa na jeshi lake. Mzee Jomo Kenyatta aliwaketisha pamoja, na tarehe 21 wakatia sahihi mapatano. Katika mapatano hayo walikiri mambo ambayo si rahisi kwa wakubwa kuyakiri: ya kwamba vyama vyao vimeingiza silaha nyingi mno nchini, ya kwamba raia wamegawiwa bunduki, na ya kwamba ukabila umekuwa chombo cha kuwachochea watu. Wakaahidi kuzikusanya silaha kutoka kwa raia, kuunda jeshi moja la taifa, na kufanya uchaguzi kabla ya siku ya uhuru.

Wino wa sahihi zile ulikuwa haujatimiza mwezi, na tayari bunduki zilikuwa zikilia tena katika mitaa ya Luanda. Vita hivyo havikumalizika mpaka mwaka 2002. Mtoto aliyezaliwa Angola katika juma lile la Nakuru, kama alijaliwa kuishi, alikuwa anakaribia umri wa miaka 27 alipoiona nchi yake ina amani kwa mara ya kwanza.

Nataka, msomaji, tutazame pamoja sababu moja ya urefu wa vita hivyo. Watu wa nyumba moja waligombana, na ugomvi wao ukaingiliwa na wageni wenye nguvu, kila mgeni akimpa silaha yule aliyemwita rafiki yake. Sitakuambia ya kwamba wageni ndio walioanzisha ugomvi, maana hawakuuanzisha. Walilolifanya ni hili: walimwezesha kila ndugu kukataa kupatana bila ya kupata hasara kwa kukataa kwake. Ukilielewa jambo hilo utayaelewa mengi yaliyotokea Angola, na pengine mengine yaliyotokea kwingineko.

Fungua kwanza ramani ya Afrika. Angola iko upande wa magharibi, kwenye bahari ya Atlantiki, nayo ni kubwa zaidi ya mara mbili ya Kenya. Wareno waliujenga mji wa Luanda mwaka 1575, na kwa karne nyingi biashara yao kubwa mahali hapo ilikuwa ni kununua watu na kuwapeleka utumwani ng'ambo ya bahari, hasa Brazil. Baadaye nchi ikajulikana kwa kahawa yake, kwa almasi, na kwa mafuta yaliyo chini ya bahari karibu na Cabinda, kipande cha ardhi kilichotengwa na Angola yenyewe kwa mlango wa Mto Kongo. Yakumbuke mafuta hayo, tutayarudia.

Vita vya kuwaondoa Wareno vilianza mwaka 1961, lakini tangu mwanzo wapiganaji hawakuwa kitu kimoja. Chama cha Neto, MPLA, kilichoanzishwa mwaka 1956, kilikuwa na nguvu mjini Luanda, miongoni mwa watu wa lugha ya Kimbundu, na kwa wasomi wengi wa mjini. Chama cha Roberto, FNLA, kilipata watu wake kwa Wakongo wa kaskazini. Savimbi alikuwa pamoja na Roberto mpaka mwaka 1964, wakakosana, na mwaka 1966 akaunda UNITA, ambacho nguvu zake zilikuwa kwa Waovimbundu wa nyanda za juu za katikati ya nchi. Majeshi haya yalipokutana porini aghalabu yalipigana yenyewe kwa yenyewe, hali Mreno adui wao wote yuko palepale. Basi mbegu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imekwisha pandwa zamani, nayo ilipandwa na Waangola, juu ya ardhi iliyolimwa na ukoloni.

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya makoloni, waliipindua serikali yao mjini Lisbon. Serikali mpya haikutaka kukaa Afrika. Mwezi wa Januari 1975 viongozi wale watatu walikutana Mombasa, mbele ya Mzee Kenyatta pia, wakapatana wazungumze na Wareno kwa sauti moja. Na siku chache baadaye, tarehe 15, wakatia sahihi mkataba wa Alvor huko Ureno. Tarehe ya uhuru iliwekwa: 11 Novemba 1975. Mpaka siku hiyo vyama vitatu na Wareno wangeitawala nchi kwa pamoja.

Mtu anayeusoma mkataba ule leo aweza kudhani ya kwamba ulitosha. Kwa nini haukutosha? Kwa sababu kila aliyetia sahihi alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, ambako rafiki yake wa mbali alikuwa amesimama.

Marafiki hao walikuwa nani? Roberto alikuwa na jirani yake, Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, na nyuma ya Mobutu ilikuwako Marekani. Alikuwa pia na Wachina, ambao katikati ya mwaka 1974 walipeleka walimu wa kivita zaidi ya 100 kuwafundisha askari wake huko Zaire. Neto alikuwa na Urusi, yaani Dola la Kisovieti, iliyokuwa ikimsaidia tangu miaka ya sitini, mara kwa mkono mkunjufu na mara kwa mkono wa birika. Alikuwa pia na Kuba. Savimbi, ambaye mwanzoni alisaidiwa kidogo na Wachina, alipokea msaada kutoka kwa yeyote aliyemnyoshea mkono, na mwisho mkono alioushika kwa nguvu ulikuwa wa Makaburu wa Afrika Kusini.

Wazee wetu wa pwani wana methali isemayo: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba mtu wa nje hana kazi katika ugomvi wa ndugu, kwa sababu mwisho watapatana, naye atabaki na aibu yake. Wakubwa wa dunia katika mwaka 1975 hawakushika jembe. Walikuwa katika ugomvi wao wenyewe, ule ulioitwa Vita Baridi, na kila mmoja aliitazama Angola kama mchezaji wa bao aitazamavyo kete ya mwenziwe. Marekani ilikuwa imetoka kushindwa Vietnam, maana mji wa Saigon ulianguka tarehe 30 Aprili mwaka uleule, na waziri wake wa mambo ya nje, Henry Kissinger, hakutaka ulimwengu uone nchi yake imeshindwa tena upesi hivyo. Kwa Moscow, kukaa kimya kungewapa Wachina nafasi ya kusema ya kwamba Warusi wamewasahau wapigania uhuru. Katika hesabu zote hizo, mkulima wa kahawa wa Uíge na mama muuza samaki wa Luanda hawakuhesabiwa.

Ninapolifundisha somo hili huandika tarehe ubaoni kwa mfululizo, kisha nawaomba wanafunzi waniambie ni nani aliyeanza. Jaribu nawe. Katikati ya mwaka 1974 walimu wa Kichina wafika Zaire. Kabla ya mwaka huo kwisha Urusi yaanza tena kumsaidia Neto. Januari 1975, mkataba wa Alvor ukiwa bado mpya, kamati ya siri mjini Washington yaidhinisha dola 300,000 kwa Roberto. Kuanzia mwezi wa Machi silaha za Kirusi zaingia kwa wingi. Mwezi wa Julai Rais Ford aidhinisha msaada wa siri wa silaha kwa Roberto na Savimbi, uliotolewa kupitia shirika la ujasusi la CIA, na ambao hatimaye ulifika kiasi cha dola milioni 32. Agosti, askari wa Afrika Kusini wavuka mpaka na kushika bwawa la Calueque kwenye Mto Cunene. Mwanzoni mwa Oktoba meli zawaleta walimu wa kivita wa Kuba, mia kadhaa. Tarehe 14 Oktoba msafara wa magari ya vita ya Afrika Kusini waingia Angola na kushika njia ya kaskazini. Mwanzoni mwa Novemba Kuba yaanza kuleta majeshi ya kupigana.

Darasa hugawanyika kila mara, wala sishangai. Ukianza kuhesabu kwenye mwezi wa Januari, mwenye kosa ni Marekani. Ukianza kwenye silaha za Machi, ni Urusi. Ukianza kwenye walimu wa 1974, ni Uchina. Kila dola lilisema, na labda liliamini, ya kwamba linajibu tu tendo la mwenziwe. Ndivyo inavyokuwa wageni wanapoingia nyumba ya ugomvi: hakuna aingiaye akasema nimekuja kupigana; kila mmoja husema nimekuja kwa sababu yule ameingia.

Hata hivyo, matendo haya hayakuwa sawa yote, na mwanafunzi wa historia asijifiche nyuma ya maneno "wote walikosa". Kumpa mtu fedha kwa siri ni jambo moja. Kupeleka majeshi ya serikali ya ubaguzi wa rangi ndani ya nchi ya Kiafrika, wiki chache kabla ya nchi hiyo kujitawala, ni jambo jingine. Msafara wa Makaburu ulipita mji baada ya mji, Sá da Bandeira, Moçâmedes, Benguela, Lobito, na katikati ya Novemba ulikuwa umefika Novo Redondo, chini kidogo ya nusu ya njia kutoka Lobito kwenda Luanda. Serikali yao ilificha jambo hilo hata kwa wananchi wake. Lakini siri ya magari ya vita haifichiki muda mrefu, na habari zilipotoka Savimbi na Roberto walipoteza kitu ambacho dola milioni 32 hazikuweza kukinunua, nacho ni heshima yao mbele ya Afrika.

Hapa nafaa kusema neno juu ya Wakuba, maana wengi hushangaa: kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi kilitafuta nini Angola? Habari yao inaanzia karibu na kwetu. Mwaka 1965 Wakuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo, chini ya Che Guevara, na ili wasijulikane walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili. Che mwenyewe aliitwa Tatu, kwa kuwa Moja na Mbili walikuwa wenziwe. Safari ile ya Kongo haikufaulu. Lakini mwanzoni mwa mwaka uleule Che alikuwa amekutana na Neto mjini Brazzaville, na tangu hapo Wakuba wakaanza kuwafundisha wapiganaji wa MPLA. Fidel Castro alipoamua mwezi wa Novemba 1975 kupeleka majeshi, hakungoja kuamriwa na Moscow. Nyaraka zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zaonyesha ya kwamba aliamua kwanza, na Warusi wakajua baadaye. Askari wa kwanza walisafiri kwa ndege za abiria zilizokuwa kuukuu, na kazi yao ikapewa jina la Carlota, mwanamke mtumwa aliyeongoza maasi huko Kuba mwaka 1843. Kuba yenyewe imejaa wajukuu wa Waafrika waliouzwa, kwa hiyo jina lile halikuchaguliwa ovyo. Mwanzoni mwa 1976 askari wao nchini Angola walikuwa yapata 36,000.

Sasa tufike kwenye mkesha wa uhuru, kwa sababu siku ile moja inaonyesha mambo yote kwa pamoja. Kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Luanda pana mahali paitwapo Quifangondo. Hapo barabara hupita juu ya tuta jembamba, kwenye matope na maji ya Mto Bengo, na hapo ndipo palipokuwa na mitambo iliyoupelekea mji maji ya kunywa. Asubuhi ya tarehe 10 Novemba jeshi la Roberto lilisimama upande wa kaskazini wa bonde hilo likiwa na haraka kubwa. Roberto alitaka kuingia mjini kabla ya saa sita ya usiku, ili uhuru umkute yeye ndani. Pamoja naye walikuwa askari wa Zaire, Wareno waliokodiwa, wapiga mizinga wa Afrika Kusini juu ya kilima, na watu wa CIA wakitazama. Askari wa Zaire walileta mizinga miwili mikubwa kutoka Korea ya Kaskazini. Ebu fikiri, msomaji: silaha za Wakomunisti wa Korea, upande wa Marekani, zikipiga pamoja na mizinga ya Makaburu! Mmoja wa mizinga hiyo ya Korea ulipasuka ulipofyatuliwa, ukawaua waliokuwa wakiuhudumia.

Ng'ambo ya pili walikuwa askari wa MPLA pamoja na Wakuba, wenye maroketi ya Kirusi yanayotoka kwa mkupuo, mengi kwa mara moja. Jeshi la Roberto liliingia juu ya tuta lile kwa safu moja, matope kulia na kushoto. Maroketi yalipoanza kuanguka hapakuwa na pa kukimbilia. Kabla ya siku kwisha jeshi lilikuwa limevunjika, na halikupata kuwa jeshi tena. Wapiga mizinga wa Afrika Kusini walirudi nyuma, na baadaye mwezi uleule manowari ya nchi yao ikaja kuwachukua pwani kwa siri.

Wakati mizinga ile ikisikika mjini, Luanda ilikuwa na jambo jingine la ajabu. Siku hiyohiyo ya tarehe 10 mjumbe mkuu wa Ureno aliitisha waandishi wa habari, akatangaza kwamba anaukabidhi uhuru kwa watu wa Angola, akateremsha bendera yake, akapanda meli akaenda zake. Hakumkabidhi mtu yeyote kwa jina. Baada ya utawala wa miaka 400, huo ndio uliokuwa mwisho. Wareno wengine, yapata 300,000, walikuwa wamekwisha kimbia katika miezi iliyotangulia, na walikwenda na ujuzi wote ambao hawakuwahi kuwafundisha wenyeji: madaktari, madereva wa mitambo, makarani wa bandari. Usiku wa manane Neto alitangaza Jamhuri ya Watu wa Angola mjini Luanda. Roberto na Savimbi wakatangaza jamhuri yao nyingine, na mji wake mkuu ukawa Huambo. Nchi moja ilizaliwa usiku ule ikiwa na serikali mbili.

Afrika nayo ikagawanyika. Mwezi wa Januari 1976 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Addis Ababa kuamua ni serikali ipi itambuliwe. Nchi 22 zilitaka serikali ya Neto. Nchi 22 zilitaka vyama vyote vitatu viunde serikali ya pamoja. Mbili, Uganda ya Idi Amin aliyekuwa mwenyekiti, na Ethiopia wenyeji wa mkutano, hazikuwa upande wowote. Majirani zetu walihitilafiana: Tanzania ilikuwa imekwisha mtambua Neto, na Zambia ya Kaunda ilitaka serikali ya pamoja. Mkutano ukaisha bila uamuzi. Kilichoamua hatimaye ni wale Makaburu. Nigeria, kwa mfano, ilimtambua Neto baada ya kujua ya kwamba askari wa Afrika Kusini wako Angola. Huko Washington nako, baraza la Seneti lilikataa mwezi wa Desemba kutoa fedha zaidi, kwa kura 54 dhidi ya 22. Afrika Kusini ikajiona imeachwa peke yake, na mwishoni mwa Machi 1976 askari wake wakavuka mpaka kurudi Namibia. Wazungu 13 waliokodiwa kupigana upande wa Roberto walishtakiwa Luanda katikati ya mwaka huo, na wanne wakauawa kwa hukumu.

Kama habari ingeishia hapo, tungesema ya kwamba wageni walikuja, wakapigana, mmoja akashinda, basi. Lakini Savimbi alirudi porini, na marafiki zake walikuwa hawajamchoka.

Hapo ndipo tunapoyarudia mafuta ya Cabinda. Visima vile vilikuwa vya kampuni ya Kimarekani iitwayo Gulf. Kampuni ililipa kodi na sehemu ya mapato kwa serikali ya Luanda, na serikali kwa fedha hizo ikanunua silaha za Kirusi. Visima vililindwa na askari wa Kuba. Walindwe dhidi ya nani? Dhidi ya maadui wa serikali hiyo, ambao tangu miaka ya themanini walipata silaha kutoka Marekani. Mwaka 1985 makomando wa Afrika Kusini walinaswa Cabinda walipokuwa wakienda kuyaripua matangi ya mafuta hayo ya Wamarekani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, Rais Reagan alimkaribisha Savimbi katika Ikulu yake mjini Washington, na Savimbi akapewa makombora ya kutungulia ndege. Nimewaona wanafunzi wakicheka wanapolisikia jambo hili. Wana haki ya kucheka. Lakini risasi za pande zote mbili zililipiwa na mafuta ya Angola na fedha za walipa kodi wa mbali, na walioanguka walikuwa, kwa sehemu kubwa sana, vijana wa Angola.

Sitakaa sana katika vita vya miaka ile ya themanini, ambavyo ni virefu na vinafanana. Vita kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya Cuito Cuanavale, kusini-mashariki, mwaka 1987 na 1988. Jeshi la serikali lilikwenda kumshambulia Savimbi likashindwa kwenye Mto Lomba. Afrika Kusini ikalifuata mpaka Cuito Cuanavale. Wakuba wakaleta askari zaidi, na mji haukutekwa. Pande zote mbili hudai ushindi mpaka leo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Afrika Kusini ilikubali kuzungumza. Tarehe 22 Desemba 1988, mjini New York, Angola, Kuba na Afrika Kusini zilipatana: Wakuba waondoke Angola, na Namibia ipate uhuru. Bendera ya Namibia ilipandishwa tarehe 21 Machi 1990, na Wakuba wa mwisho waliondoka Mei 1991. Ukimwuliza Mnamibia juu ya wageni katika vita vya Angola, atakupa jibu ambalo Mwangola huenda asikupe, na majibu yote mawili yatakuwa na ukweli.

Mwezi uleule wa Mei 1991 serikali na Savimbi walitia sahihi mapatano ya Bicesse, huko Ureno, na waliosimamia walikuwa Ureno, pamoja na Marekani na Urusi, wale wakubwa wawili waliokuwa wakileta silaha. Miezi michache baadaye Dola la Kisovieti lenyewe halikuwako tena. Neto alikuwa amefariki mwaka 1979, na mahali pake alikuwa José Eduardo dos Santos. Watu walipiga kura mwezi wa Septemba 1992 kwa utulivu mkubwa. Dos Santos alipata asilimia 49 na kitu, Savimbi asilimia 40. Savimbi alikataa matokeo, na vita vikarudi vikali kuliko vya kwanza.

Sehemu hii, msomaji, ndiyo iliyo ngumu kwa mtu mwenye kupenda kuwalaumu wageni tu. Vita Baridi ilikuwa imekwisha. Makaburu walikuwa wakijitayarisha kuachia madaraka. Wakuba walikuwa kwao. Hakuna mkubwa wa dunia aliyetaka tena vita vya Angola, navyo viliendelea kwa miaka 10 zaidi, serikali ikitumia fedha za mafuta na Savimbi akiuza almasi. Mji wa Kuito wa nyanda za juu (usiuchanganye na ule wa Cuito Cuanavale) ulizingirwa mwaka 1993 kwa miezi mingi hata watu wakazika wafu katika bustani za nyumba zao. Mapatano mengine yalitiwa sahihi Lusaka mwaka 1994, yakavunjika nayo. Tarehe 22 Februari 2002 Savimbi aliuawa vitani katika jimbo la Moxico, na tarehe 4 Aprili mapigano yakakomeshwa kwa mkataba. Inakadiriwa ya kwamba watu nusu milioni au zaidi walikufa, na watu milioni 4 hivi walikuwa wamefukuzwa makwao.

Je, miaka hiyo 10 ya mwisho inawatoa wageni katika hatia? Mimi sidhani. Mtu aliyezoeshwa kwa miaka 16 kwamba akikosa kwa kura atapata kwa bunduki, na kwamba bunduki daima italetwa, haachi desturi hiyo siku mleta bunduki anapoondoka. Lakini pia haiwaondolei Waangola wakubwa lawama yao. Pale Nakuru walikuwa na kalamu mikononi, na hakuna Mrusi wala Mmarekani aliyewashika mkono wasitimize walichokiandika.

Kutoka bandari ya Lobito hadi mpaka wa Kongo pana reli ya kilomita zaidi ya 1,300, iliyojengwa zamani kuchukua shaba ya Katanga hadi baharini. Vita viliifunga mwaka 1975, na nyasi zikaota juu ya reli kwa zaidi ya robo ya karne. Baada ya amani Wachina waliijenga upya, na kabla ya kutandika reli mpya ilikuwa lazima kwanza kuyafukua mabomu yaliyozikwa kandokando ya njia yote. Magari ya moshi yalifika tena mpakani. Mwezi wa Desemba 2024 Rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Lobito kuitazama reli hiyo, kwa sababu nchi yake nayo inatia fedha humo, ikitaka shaba ya Kongo ipitie magharibi kwenda kwa wanunuzi wake. Katika vijiji ambavyo reli hiyo hupita, yamo mashamba yaliyozungushiwa vibao vyekundu vyenye picha ya fuvu, na wafukuaji wa mabomu bado wanapiga magoti humo, wakipima ardhi hatua kwa hatua.